Maandishi ya Mrima Yaliyopanda Mlimani

Wengi wetu tuliohamia Dar es Salaam hupita Mlimani karibu kila siku. Kuna anayekwenda Mwenge, kuna anayeteremka Ubungo, na vijana wetu wamepanga vyumba Msewe na Changanyikeni. Ni wachache wanaojua kwamba maktaba ya chuo kikuu pale juu ina maandishi yaliyotoka katika masanduku ya wazee wa pwani, pwani yetu ya Tanga na Pangani ikiwemo.

Chuo chenyewe hakikuanzia mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima hiki, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji, ambacho Waingereza walikiita Observation Hill. Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wakikitaja chuo husema "Mlimani" tu, na jina hilo limeshuka hadi kwenye maduka ya Mlimani City, yaliyofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya chuo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Mwingereza mmoja aliyekijua Kiswahili sawasawa, J.W.T. Allen, alikuwa akizunguka pwani kutafuta hati za kale: tenzi, mashairi, barua na habari za koo. Wazee wengine walitoa hati zenyewe, wengine wakaruhusu zipigwe picha, wengine wakasoma na sauti zao zikanaswa kwenye kanda. Vyote vikawekwa katika maktaba ya Mlimani, na orodha yake ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1970. Sifa ya kukusanya tumpe Allen, anastahili. Lakini waliotunza karatasi hizo miaka na miaka, mchwa na unyevu wa bahari visizile, ni wazee wetu, na nani huwataja?

Mfano ulio karibu nasi ni Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga. Yeye ndiye aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, ambao Allen aliuchapisha pamoja na tafsiri mwaka 1955. Vita hivyo tunavijua. Vilianza Pangani mwaka 1888, na Abushiri bin Salim akanyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Habari za vita zilizoandikwa na Wajerumani ni nyingi. Za mtu wa Mrima aliyeishi zama zile, akaandika kwa lugha yake, ni za kuhesabu kwa vidole.

Tatizo ni kusoma. Hati hizi ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazikutosha sauti zetu. Katika maandishi ya kale, herufi moja ya "ba" yaweza kuwa ba, pa, au mba. Alama moja ya irabu hutumika kwa "i" na kwa "e", nyingine kwa "u" na kwa "o". Mtoto aliyehitimu madrasa atazitambua herufi zote na bado akwame kwenye mstari wa kwanza. Anayeweza kumkwamua ni mzee anayejua maneno ya kwetu, akasema: hapo si hivyo, mwanangu, hilo ni jina la mtego wa samaki. Profesa hana njia ya kulijua hilo asipoambiwa, na wazee wa namna hiyo wanazidi kupungua.

Maktaba nayo imepanuka. Jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa China lilifunguliwa na Rais Magufuli tarehe 27 Novemba 2018. Lina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni jengo la fahari. Kijana wetu anayesoma pale asiishie kwenye kompyuta na vitabu vya mtihani. Aulizie mkusanyo wa Afrika Mashariki na hati za Kiswahili, aone kilichoandikwa na watu wa kwao.

Na huku nyumbani masanduku hayajaisha. Mwenye karatasi za babu asizichome wala kuzifungia uvunguni. Azitandaze mahali pakavu, apige picha kila ukurasa kwa simu, kisha aandike pembeni jina la aliyenakili, kama linajulikana, na kijiji zilikotoka. Zikiwa na mzee anayeweza kuzisoma, arekodiwe sauti akizisoma, hata kama ni kurasa mbili tu. Picha na sauti zipelekwe kwa katibu wa chama. Karatasi zibaki na wenyewe.