Maji Hupita Pembeni: Historia ya Paa la Turubai kwenye Magari ya Spoti

Mwaka 1823 mkemia wa Glasgow, Charles Macintosh, alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji. Aliyeyusha mpira kwa nafta iliyopatikana kutokana na mabaki ya viwanda vya gesi ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya vitambaa viwili, akavigandisha pamoja. Kitambaa chenyewe kilizuia maji vizuri. Makoti yaliyoshonwa kwacho ndiyo yaliyovuja, kwa kuwa kila sindano ya fundi cherehani iliacha tundu na maji yakaufuata uzi hadi ndani. Mpira wa siku zile pia ulikakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto. Ilibidi Charles Goodyear wa Marekani na Thomas Hancock wa Uingereza, kati ya mwaka 1839 na 1844, wavumbue namna ya kuupika pamoja na salfa ndipo ukawa imara.

Gari lilikuwa bado halijaundwa, lakini shida ambayo ingewasumbua wenye magari ya spoti kwa zaidi ya karne ilikwisha kuonekana kwenye makoti ya Macintosh. Maji huingilia kwenye mshono, kwenye ukingo, pale kitu kimoja kinapokutana na kingine.

Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na paa. Yaliyofuata yaliazima paa la kukunja kutoka magari ya farasi: fremu ya mbao na chuma, juu yake ngozi au turubai lililopakwa mpira. Mvua ikianza, watu walisimama, wakainua paa, kisha wakafunga mapazia ya pembeni kifungo kimoja kimoja.

Wamarekani wa kawaida walichoka kulowa mapema. Mwaka 1919 ni karibu gari moja tu kati ya kumi yaliyouzwa kwao lililokuwa na bodi iliyofungwa. Mwaka 1922 kampuni ya Essex ilitoa gari lililofungwa kwa bei nafuu, na kufikia 1927 zaidi ya manane kati ya kumi yalikuwa ya aina hiyo. Hata hayo, sehemu ya katikati ya paa ilikuwa bado ya kitambaa kilichopakwa dawa, kwa sababu viwanda havikuwa na mashine za kutengeneza paa zima kwa bati moja. General Motors ilianza kutoa paa la chuma tupu kwa mwaka wa 1935.

Magari ya spoti hayakufuata njia hiyo. Paa la chuma lina uzito, na uzito wenyewe hukaa juu, mahali pabaya kwa gari linalotakiwa kukata kona kwa kasi. Wanunuzi wake pia walitaka upepo. MG TC, iliyotengenezwa Abingdon karibu na Oxford kuanzia 1945 hadi 1949, ilikuwa na paa la kuinua kwa mkono na mapazia ya pembeni yenye vidirisha vya plastiki angavu, yaliyochomekwa milangoni. MGA ya mwaka 1955 haikuwa hata na kitasa cha nje: dereva aliingiza mkono kwenye upenyo wa pazia na kuvuta waya uliokuwa ndani ya mlango. Upenyo unaopitisha mkono ulipitisha na mvua.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo wengi hawakulielewa. Gari liliweza kuwa kavu likiwa limeegeshwa, kisha likavuja barabarani. Hewa inayopita kwa kasi juu ya paa hupunguza shinikizo upande wa nje. Kitambaa huvimba kuelekea juu, kingo zake huachana kidogo na fremu ya kioo cha mbele, na maji yanayosukumwa na upepo hupata pa kupenyea. Ndiyo maana kumwagia gari maji likiwa limesimama hakutoshi kuthibitisha kwamba halivuji.

Sunbeam Alpine ya 1959, Triumph TR4 ya 1961 na MGB ya 1962 zilileta vioo vya kupandisha kwa mkono badala ya mapazia. Yalikuwa maendeleo makubwa, yenye gharama yake. Kioo cha mlango wa gari la aina hii hakina fremu juu. Husimama peke yake na kuegemea mpira wa kuziba ulioshonwa au kubanwa kwenye ukingo wa paa. Kikiegemea nje kwa milimita chache tu, mpira haugusi. Ukiongeza na kona ile ambapo paa, kioo cha mbele na kioo cha mlango hukutana, utapata mahali penye historia ndefu kuliko pote ya magoti ya suruali zilizolowa.

Wajerumani walilichukulia suala hili kwa uzito zaidi. Karmann wa Osnabrück, waliotengeneza Volkswagen Beetle ya wazi kuanzia 1949, waliipa paa nene la tabaka kadhaa lenye kioo halisi nyuma. Beetle haikuwa gari la spoti, na paa lake likikunjwa lilirundikana nyuma na kuziba sehemu ya mwono wa dereva. Lakini zaidi ya magari 330,000 yalitoka kiwandani hadi 1980, na yalithibitisha kwamba turubai linaweza kustahimili majira ya baridi ya Ujerumani.

Baadaye biashara yote karibu ife. Miaka ya 1970 watengenezaji walihofia kwamba Marekani ingetunga sheria kali za usalama wa magari yanayopinduka, sheria ambazo paa la kitambaa lisingeweza kuzitimiza. Triumph TR7 ya 1975 ilitoka na paa la chuma tu. Ya wazi ilikuja 1979. Mwaka 1980 kiwanda cha Abingdon kilifungwa, MGB ikaishia hapo baada ya magari zaidi ya nusu milioni.

Pengo hilo lilizibwa na Wajapani. Mwaka 1979 mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alimweleza Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia inahitaji tena gari dogo la spoti la mtindo wa Kiingereza. Timu iliyoongozwa na Toshihiko Hirai ilileta MX-5 kwenye maonyesho ya Chicago mwezi Februari 1989. Dereva aliweza kulifungua na kulifunga paa lake akiwa amekaa kitini, na likifungwa lilibana kwelikweli. Mwaka 2000 gari hilo liliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama gari la spoti la siti mbili lililouzwa zaidi duniani, likiwa limefikia 531,890. La milioni moja lilitengenezwa mwaka 2016.

Uzuri wa kazi ya Mazda uko mahali ambapo mnunuzi haoni. Nyuma ya siti, kitambaa cha paa huishia kwenye mfereji wa plastiki unaozunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yanayoteremka juu ya turubai hupokelewa humo kama mlizamu unavyopokea maji ya bati, yakapelekwa kwenye kona mbili, yakashuka kwa bomba ndani ya bodi na kutokea chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Hapa ndipo fikra ilipobadilika. Fundi hakutegemea tena kuzuia kila tone. Alikubali kwamba maji yatafika ndani ya bodi, akayatengenezea njia ya kutoka.

Na hapa ndipo wenye magari wengi wanapokosea hadi leo. Majani ya miti, vumbi na nyuzi za kitambaa chenyewe huziba bomba lile. Mfereji hufurika, maji humwagika nyuma ya siti au huingia kwenye boksi la chuma lililo chini ya mlango, na kutu huanza kula kutoka ndani. Mwenye gari huona zulia limelowa, huagiza paa jipya kwa fedha nyingi, na mvua inayofuata zulia hulowa tena.

Porsche Boxster ya 1996 ilionyesha ubaya wa uzembe huo kwa umeme. Nayo ina matundu ya kutolea maji kwenye pembe za nyuma za paa, nayo huziba kwa majani. Chini ya siti yake kuna kompyuta ndogo inayosimamia ufunguo na king'ora cha wizi. Maji yakikusanyika sakafuni huizamisha, na gari lililokuwa likivuja kidogo haliwaki tena.

Kwa muda ilionekana kwamba chuma kingemaliza kesi. Peugeot ilikuwa na paa la chuma linalojikunja tangu 1934, kazi ya Georges Paulin, daktari wa meno aliyependa kuchora magari. Mercedes-Benz SLK ya 1996 iliurudisha mtindo huo, na BMW Z4 ya 2009 ikaufuata. Lakini paa la vipande lina viungo vingi zaidi vya kuzibwa, ni zito, na humeza nafasi ya buti. Z4 iliyoonyeshwa mwaka 2018 ilirudi kwenye kitambaa.

Fundi mwangalifu wa leo haanzi na mkebe wa silikoni. Kwanza huchunguza matundu ya kutolea maji: humimina maji polepole kwenye mfereji na kutazama chini ya gari kama yanatoka pande zote mbili. Yakikwama, huzibua kwa waya laini wa plastiki. Upepo mkali wa kompresa unaweza kuchomoa bomba kutoka mahali pake na kuleta uvujaji mpya. Kisha hubana kipande cha karatasi kati ya kioo cha mlango na mpira. Karatasi ikichomoka bila ukinzani, mara nyingi dawa ni kurekebisha kioo kwa bolti zilizo ndani ya mlango, au kukaza kamata za paa juu ya kioo cha mbele. Mpira uliokauka hupakwa mafuta ya silikoni. Grisi na mafuta ya petroli huuvimbisha mpira wa kisasa na kuuharibu. Kitambaa hufikiwa mwisho: huoshwa kwa brashi laini, hukaushwa kabisa, kisha hupuliziwa dawa ya kufukuza maji, kwa uangalifu zaidi kwenye mishono.

Baada ya hapo zulia hutolewa nje lote. Sponji iliyo chini yake hushika maji kwa wiki kadhaa hata juu pakionekana pakavu, na ndiyo inayooza nyaya na sakafu wakati mwenye gari anaamini kazi imekwisha.