Fangasi wa ubongo na safari ya dawa hadi Mwanza

Mgonjwa wa Ilemela, mkoani Mwanza, awe mvuvi au mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, akizidiwa na homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi aina ya kriptokoka, tegemeo lake ni Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. VVU vilipoenea na kudhoofisha kinga za watu, fangasi huyo aliua wengi, ilhali amfoterisini, dawa ya kumuua, ilikuwapo duniani tangu miaka ya 1950. Kwa muda mrefu Mwanza, kama kwingi Afrika, ilitegemea flukonazoli peke yake, dawa inayomdumaza fangasi kuliko kumuua. Kilichokosekana si elimu, ni ugavi. Wapo wanaosema amfoterisini huumiza figo na huhitaji uangalizi wa karibu wa maabara. Kweli kabisa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Tanzania ikishiriki, ulionyesha kuwa wiki moja ya dawa hiyo pamoja na dawa nyingine, flusitosini, yatosha kwa tiba ya awali, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dozi moja tu ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli. Wengine hudhani dawa za kufubaza VVU zimemaliza tatizo. Hazijalimaliza: wapo wanaopimwa wamechelewa, na walioacha dawa njiani. Kwa hao, kipimo cha damu humgundua fangasi kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kifikishwe kwenye zahanati za Ilemela, kisiishie Bugando.