Njia ya Same kwenda Mji Mkuu

Milima ya Upare ina njia mbili chini yake. Ya magharibi inafuata bonde la mto Pangani, na ndiyo yenye reli na barabara kuu ya lami. Ya mashariki inatoka Same na kupita upande wa mbuga ya Mkomazi: Kisiwani, Gonja, Ndungu, Kihurio. Njia hizo hukutana tena kusini, milima inapokwisha, kabla ya kufika Mombo. Familia inayopakia mizigo Same leo kwenda Bagamoyo, Dar es Salaam au Dodoma haiifikirii kabisa ile ya mashariki. Miaka mia na hamsini iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Msafiri wa mbali alishika njia ya Gonja na Kisiwani, na pale ilipo Same hapakuwa na mji. Kilichogeuza hali hiyo ni reli, na baadaye kuhama kwa makao ya utawala. Serikali zilipojenga reli au mji mkuu mahali papya, watu wa Upare walibadilishiwa njia bila kuulizwa.

Upare wenyewe haukuwahi kuwa na mji mkuu mmoja. Kaskazini, katika milima ambayo leo iko Wilaya ya Mwanga, palikuwa na ufalme wa Ugweno. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, akitegemea sana masimulizi ya wazee. Kwa maelezo yake utawala ulianza mikononi mwa Washana, ukoo wa wahunzi, kisha ukapinduliwa na Wasuya. Chuma cha Ugweno kiliuzwa hadi Uchagani, na mtu wa Kilimanjaro aliyehitaji jembe au mkuki aliijua vizuri njia ya kwenda huko. Kusini, yaani Mbaga, Mamba, Gonja, Chome na kwingineko, kila sehemu ilikuwa na mtawala wake, na hakuna aliyewaweka wote chini ya mamlaka moja.

Mji mkuu wenye jina kubwa uliokuwa karibu ni Vuga, katika milima ya Usambara. Hapo aliishi Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, ambaye nguvu zake zilishuka hadi pwani na kufika pembezoni mwa Upare. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na tena 1852, na wapelelezi Waingereza Burton na Speke wakafika mwaka 1857. Kimweri alipofariki mwaka 1862, warithi wake wakaanza kupigana. Mwanawe Semboja aliuteka mji wa baba yake, lakini hakukaa huko. Alimweka kijana wake Vuga, naye akabaki Mazinde, tambarare, kando ya njia ya misafara. Alielewa mapema kwamba mamlaka yalikuwa yameshashuka kutoka mlimani na kuifuata bunduki, na bunduki zilipita njiani.

Misafara hiyo ilitoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini, na maandalizi yake yalikuwa kazi kubwa. Mfanyabiashara alikusanya nguo za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, na baadaye baruti. Akatafuta wapagazi, na kirangozi wa kuwatangulia. Akatenga bidhaa za kulipia hongo kwa kila mtawala ambaye angepita kwake. Ila jambo lililoamua safari ni maji na chakula. Nyika kati ya Usambara na Kilimanjaro ni kavu, na mpagazi mwenye mzigo kichwani hawezi kubeba pia posho ya majuma kadhaa. Ndiyo maana njia ya mashariki ilipendwa: mito inayoshuka kutoka milima ya Upare Kusini hufika chini Gonja na Kisiwani ikiwa bado na maji, na penye maji palikuwa na mashamba.

Wingi huo wa chakula haukuja kwa bahati. Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe kwenye miteremko. Maji ya kijito huingizwa ndani usiku na kuachwa yajae. Alfajiri mlango wa ndiva hufunguliwa, maji yakashuka mferejini kwa nguvu ambayo kijito peke yake hakingekuwa nayo, na kila kaya hupata zamu yake. Anayekosa kufika siku ya kuzibua mfereji hujikuta hana zamu. Kwa utaratibu huo shamba la mteremkoni lilizaa hata mvua zilipokuwa haba, na ziada ikauzwa kwa misafara kwa nguo na shanga. Wanahistoria wa misafara huandika sana juu ya pembe za ndovu na kidogo mno juu ya ndiva, ilhali bila chakula cha kununua njiani pembe hizo zisingefika Pangani. Biashara hiyo ilikuwa na upande wa giza pia. Vita vya Wakilindi vilipopamba moto, watu walitekwa na kuuzwa pwani, na wengi wakahamisha makazi yao juu zaidi milimani.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Upinzani ulianzia Pangani kwenyewe, ukiongozwa na Abushiri bin Salim. Mwaka huohuo wapelelezi Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa safarini Usambara, walikamatwa na watu wa Abushiri na kuachiwa baada ya kulipa fidia. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Makao ya Wajerumani yalikuwa Bagamoyo, ambayo kwa miaka michache hiyo ndiyo ilikuwa mji mkuu wa nchi. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani iliposhika utawala moja kwa moja, makao yalihamia Dar es Salaam, penye bandari ya kina kirefu.

Kwa Upare, pigo kwa njia ya zamani lilitoka Tanga. Ujenzi wa reli ulianza huko mwaka 1893 na kwenda polepole sana. Kampuni iliyoujenga iliishiwa fedha, serikali ikaichukua kazi hiyo mwaka 1899. Reli ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na kufikia 1912 njia yote hadi Moshi ilikuwa imefunguliwa. Wahandisi walichagua upande wa magharibi, wa bonde la Pangani. Stesheni zikapangwa Hedaru, Makanya, Same, Lembeni na Kisangara, mahali ambapo watu wa milimani walikuwa hawapapendi kwa ukavu na joto. Gonja na Kisiwani zikabaki nyuma ya mlima. Same, mji ambao leo unatambulisha Upare Kusini, ni zao la reli hiyo.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliipitia reli hiyohiyo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka nayo kuwafuata Wajerumani, ambao walivunja madaraja na kung'oa mataruma walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza nao walikuwa wameshaleta reli kutoka Voi hadi Kahe, hivyo mzigo wa Same ukaweza kwenda Mombasa pia.

Chini ya Waingereza Same ikawa makao makuu ya Wilaya ya Pare, na hapo ikatokea safari kubwa kuliko zote ambazo Wapare wamewahi kufanya kuiendea serikali. Katika miaka ya Vita ya Pili ya Dunia watawala waliamua kuongeza kodi mpya juu ya ile ya kichwa, ikipimwa kwa mali ya kila mtu. Waliipa jina la mbiru, ushuru wa zamani wa watawala wa Upare, wakitumaini kwamba jina la kale lingeifanya ikubalike. Haikukubalika. Wakaguzi walikadiria shamba na mifugo ya mtu kwa macho tu, jirani akaandikiwa kodi tofauti na jirani mwenzake bila sababu inayoeleweka, na malalamiko kwa machifu hayakuzaa kitu. Januari 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani, kaskazini na kusini, wakaenda Same na kukaa. Hawakupiga mtu wala kuchoma ofisi. Walikaa wakisubiri jibu, na siku zikawa miezi.

Maandalizi ya safari hiyo yalihusu jamii nzima. Umati huo ulihitaji kula, kulala na kujisitiri katika mji mdogo usio na maji ya kutosha. Wanawake walibaki na mashamba, mifugo na watoto, na wakashusha chakula kwa waume zao. Huko Usangi, Upare Kaskazini, wao wenyewe walimkabili ofisa wa serikali aliyefika na kumwuliza nani angetimiza wajibu wa waume waliokaa Same, kwa maneno makali ambayo wazee wa Usangi waliyakumbuka kwa miaka mingi. Mwishowe serikali ikaifuta kodi hiyo. Tukio hili linastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya shule kuliko iliyonayo, kwa kuwa lilitangulia TANU, chama kilichopigania uhuru, kwa takriban miaka kumi na lilishinda bila silaha.

Ajabu ni kwamba hadi wakati huo hakukuwa na treni ya kumtoa mtu Same na kumfikisha mji mkuu. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa mbili zisizoonana. Mwenye shida Dar es Salaam alikwenda Tanga kwa treni na kupanda meli, au alishika barabara ya vumbi kupitia Handeni na Morogoro. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, kwa kipande cha reli kati ya Mnyusi na Ruvu. Tangu hapo, na hasa lami ilipofika, Wapare walihamia Dar es Salaam kwa wingi wakiwa walimu, makarani, wafanyabiashara na wanasiasa. Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na 1994 hadi 1995.

Ndipo safari ya familia ikageuka mwelekeo. Badala ya kutoka mlimani kwenda mji mkuu, ikawa kutoka mji mkuu kwenda mlimani, kila Desemba. Wenyeji wa Dar es Salaam husema watu wa Kilimanjaro wanakwenda kuhesabiwa. Tiketi hutafutwa mapema, kwa sababu siku chache kabla ya Krismasi mabasi hujaa. Wenye magari huondoka alfajiri, wakanunua machungwa Segera, wakala Korogwe, na mchana wakawa Same. Kazi ngumu huanza hapo: kupanda Mbaga, Mamba au Chome kwa gari dogo lenye watu na magunia, katika barabara ambayo mvua ikinyesha huteleza. Huko juu kuna makande yanayongoja, na kikao cha ukoo. Treni ya abiria, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka ishirini, ilirejea Desemba 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi, na stesheni ya Same ikapata tena abiria wake.

Kuhama kwa mwisho ni kwa Dodoma. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba mji mkuu uwe huko, lakini kwa miongo minne mtu wa Same mwenye shauri la serikali aliendelea kwenda Dar es Salaam, takriban kilomita 450 kusini. Serikali ilianza kuhama kwa dhati mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Mwezi huohuo ilizinduliwa barabara ya lami ya Kondoa na Babati, sehemu ya njia kuu ya zamani iliyowaziwa na Waingereza kutoka Cape hadi Cairo. Kwa hiyo njia fupi ya lami kutoka Same kwenda mji mkuu leo inaelekea kaskazini, kupitia Moshi, Arusha na Babati. Tangu misafara, hii ni mara ya kwanza kwa mwenye haja na makao makuu ya nchi kuondoka Upare akiwa ameipa pwani mgongo.

Anayetaka kuwaonyesha watoto mji mkuu wa kale anapendelea Bagamoyo, na njia yake ni nyepesi: Same, Mombo, Korogwe, Segera hadi Msata, kisha kilomita 64 za lami kuelekea baharini. Kuna magofu ya Kaole, ngome, boma la Wajerumani, na kanisa ambamo mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulilazwa mwaka 1874. Vyote vinafaa kuonwa. Hata hivyo misafara iliyoishia Bagamoyo ilitoka Tabora na Ujiji, si Upare. Mwenye kufuata historia ya Upare aondoke Same kwa njia ya Kisiwani na Gonja ingawa ni ndefu, apande Soni kuiona Vuga, kisha Segera akunje kushoto kwenda Muheza na Pangani. Pangani haikupata kuwa mji mkuu wa nchi. Lakini ndiko pembe na watu wa upande huu walikofikia, na inastahili kutangulia.