Jeshi, Njia Kuu za Uchumi na Kura: Indonesia kabla ya Uchaguzi wa 1971

Wengi wetu tumeijua Indonesia kwa jina la Bandung, mji ambamo wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana Aprili 1955 kuukana ukoloni mbele ya dunia nzima. Miezi mitano baada ya mkutano huo, Septemba 29, 1955, wananchi wa Indonesia walipiga kura kuchagua Bunge lao. Vyama vinne viligawana sehemu kubwa ya kura: PNI kilichokuwa chama cha wazalendo wafuasi wa Sukarno kilipata asilimia 22, Masyumi karibu 21, NU cha masheikh wa vijijini 18, na chama cha Kikomunisti PKI 16. Baada ya hapo nchi hiyo haikupiga tena kura ya kuchagua Bunge kwa karibu miaka 16. Ilipopiga, Julai 3, 1971, mshindi alikuwa Golkar, chombo kilichoundwa na maofisa wa jeshi, kwa asilimia 62.8.

Imekwenda vipi hata taifa lililojikomboa kwa damu likabidhi kura zake kwa majenerali? Jibu la mkato, ambalo tumelisikia mara nyingi katika mijadala ya makada, ni kwamba umma ulitishwa kwa mauaji ya 1965 na 1966. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mauaji yanaeleza hofu; hayaelezi mfuko wa fedha, wala mtandao wa utawala, wala jinsi mtumishi wa ofisi ya wilaya alivyojikuta amebeba bendera ya Golkar bila kuulizwa. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi wa 1971 ulikwisha amuliwa kwa sehemu kubwa kabla ya sanduku la kura kufunguliwa, na kwamba mwanzo wa uamuzi huo ni Desemba 1957, katika ofisi za kampuni ya meli ya Kiholanzi.

Kwanza tuwatazame askari wenyewe. Jeshi la Indonesia lilizaliwa Oktoba 1945 kutokana na vikosi vya vijana, wengi wao wakiwa wamefunzwa na Wajapani wakati wa vita. Halikuundwa na serikali wala chama; lilijiunda. Desemba 1948 Waholanzi walipouteka mji wa Yogyakarta, Sukarno na viongozi wengine wa kiraia walikamatwa, ilhali Jenerali Sudirman, mgonjwa wa kifua kikuu, aliingia msituni akibebwa kwenye machela. Maofisa hawakuisahau siku ile. Walijenga juu yake imani kwamba wao ndio waliookoa taifa, na kwamba wanasiasa ni watu wa kusalimu amri. Imani ya namna hii ni hatari, lakini kwa peke yake haiwezi kutawala nchi. Oktoba 17, 1952, maofisa walielekeza mizinga kwenye Ikulu wakitaka Bunge livunjwe. Sukarno akawakatalia, nao wakarudi kambini, na mkuu wa jeshi la nchi kavu, Nasution, akaondolewa kazini mpaka 1955. Mwaka 1952 jeshi lilikuwa na mizinga lakini halikuwa na mfuko.

Mfuko ulikuja 1957. Mwezi Machi wa mwaka huo, kwa sababu ya maasi ya makamanda wa visiwa vya nje, nchi iliwekwa chini ya sheria ya kijeshi, na makamanda wa mikoa wakapata uwezo juu ya magazeti, mikutano na migomo. Novemba 29 Umoja wa Mataifa ulishindwa kupitisha azimio juu ya Irian Magharibi, sehemu ambayo Waholanzi walikuwa bado wameing'ang'ania. Hasira zikalipuka. Desemba 3 wafanyakazi waliziteka ofisi za KPM, kampuni ya meli iliyokuwa imeshika usafiri kati ya visiwa, na baada ya siku chache vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeingia katika mabenki, viwanda na mashamba makubwa ya mpira, chai na tumbaku. Njia kuu za uchumi wa nchi zilikuwa mikononi mwa wavuja jasho. Zilikaa humo kwa siku chache tu. Kabla ya katikati ya mwezi Nasution alikwisha toa amri: hakuna kuteka mali bila ruhusa ya jeshi, na mali zilizokwisha tekwa zitasimamiwa na maofisa. Mwaka uliofuata sheria ya kutaifisha ikapitishwa, na maofisa wakabaki pale pale kwenye viti vya mameneja.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nasi tungependa msomaji apatazame kwa makini. Kutaifisha kulikuwa kwa kweli; Mholanzi alikwenda zake. Lakini mfanyakazi wa shambani, aliyekuwa na bwana wa Kiholanzi aliyeweza kumgomea, sasa alikuwa na bwana mwenye cheo cha meja, na kumgomea huyo ni kuvunja sheria ya kijeshi. Hata jina lake lilibadilishwa. Neno la Kiindonesia kwa mfanyakazi ni buruh, neno la mapambano, lenye harufu ya mgomo. Maofisa hawakulipenda. Wakaleta neno karyawan, yaani mtenda kazi, ambalo linamkusanya mfagiaji, karani, meneja na jenerali katika kapu moja, kana kwamba hakuna anayemwajiri mwenzake. Chama cha wafanyakazi kilichoundwa na maofisa wa mashirika hayo, SOKSI, kilijiita cha karyawan ili kupambana na SOBSI, shirikisho lililokuwa karibu na PKI. Na Oktoba 1964 jeshi lilipozikusanya jumuiya zake zote chini ya paa moja, paa hilo liliitwa Golongan Karya, kundi la watenda kazi, kwa kifupi Golkar. Basi jina la chama kilichoshinda 1971 lilitokana na vita vya maneno ndani ya mashamba na viwanda vilivyotekwa 1957.

Na PKI je? Kilishangilia utekaji wa mali za Waholanzi, na kilikuwa na haki ya kushangilia. Baadaye kiliwatambua mabwana wapya na kuwabandika jina la mabepari warasimu. Jina lilikuwa sahihi kabisa, lakini lilikuja wakati funguo zimekwisha kuchukuliwa. Chama kilichokuwa kikijivunia wanachama milioni tatu kufikia 1965 hakikuwa na ghala hata moja mkononi, wala bunduki, na kwa kuhofia kuvunja umoja wake na Sukarno kilisita kuyapeleka mapambano mpaka kwenye malango ya mashirika yenyewe.

Jambo la pili lililofanywa na jeshi lilikuwa kuiondoa kura yenyewe. Katika uchaguzi wa mabaraza ya mikoa wa 1957 PKI kilipanda hadi nafasi ya kwanza katika Java. Uchaguzi wa taifa ulikuwa ufanyike 1959. Septemba 1958 ukaahirishwa, kwa hoja ya usalama. Novemba 1958 Nasution alitangaza nadharia yake ya njia ya kati: jeshi halitapindua serikali, lakini pia halitakaa pembeni, litashiriki katika mambo yote ya taifa. Julai 1959 Sukarno akairudisha Katiba ya 1945 kwa amri, na mwaka uliofuata akalivunja Bunge lililochaguliwa na kuweka la kuteuliwa, lenye viti vya askari. Hatudhani Sukarno alikuwa kibaraka wa mtu. Lakini alidhani anaweza kumpanda simba na kumwongoza, nasi tunajua safari ile iliishia wapi.

Usiku wa kuamkia Oktoba 1, 1965, majenerali sita waliuawa Jakarta. Meja Jenerali Suharto, kamanda wa kikosi cha akiba Kostrad, alishika hatamu za jeshi, PKI kikalaumiwa, na katika miezi iliyofuata watu wapatao nusu milioni, na kwa makadirio mengine zaidi ya hapo, waliuawa. Hatuwezi kulipita jambo hili bila kusema kwamba wengi wa waliochinjwa walikuwa wakulima waliodai ardhi na wafanyakazi waliodai mshahara. Machi 1966 Suharto alichukua madaraka ya utendaji na kukipiga marufuku PKI. Machi 1968 akawa rais kamili.

Utawala wake mpya ulirithi mfumuko wa bei uliozidi asilimia 600 mwaka 1966, na ili kuwaridhisha wakopeshaji wa Magharibi ulibana bajeti. Bajeti ya jeshi nayo ilibanwa. Lakini tendo hilo lililosifiwa sana huko nje lilikuwa na upande wa pili: vikosi viliruhusiwa kujitafutia. Kostrad kilikuwa na wakfu wake, ulioundwa na Suharto mwenyewe 1964, na kutoka humo zikaota biashara za benki na za ndege. Wizara ya Ulinzi ikaunda kampuni yake kubwa 1969. Shirika la Bulog, lililoundwa 1967, lilishika mchele. Pertamina, lililokuwa limeanza kama kampuni ndogo ya mafuta ya Sumatra Kaskazini Desemba 1957, lilisimamiwa tangu mwanzo na ofisa aliyekuwa daktari wa jeshi, Ibnu Sutowo. Mtindo wa biashara hizi ulikuwa mmoja: ofisa alileta leseni na ulinzi, mfanyabiashara alileta mtaji na ujuzi, beberu alileta mitambo. Mkulima na kibarua walileta jasho, kama kawaida.

Tuseme wazi kwa nini hili ni suala la siasa, wala si la wizi tu. Bunge lolote lina kamba moja ya kulifunga jeshi, nayo ni bajeti. Jeshi linalolipwa na hazina ya taifa linaweza kunyimwa. Jeshi lenye shirika lake la mafuta, ghala lake la mchele na misitu yake ya mbao halinyimwi na mtu, maana fedha zake hazipiti mezani pa wabunge. Januari 1970, baada ya wanafunzi kulalamika, Suharto aliunda tume ya watu wanne, akiwemo waziri mkuu wa zamani Wilopo, ichunguze rushwa. Tume ililitaja Pertamina waziwazi. Ibnu Sutowo akabaki kazini.

Kwa mfuko huo uchaguzi uliokuwa umeahidiwa Julai 1968 ulisogezwa mbele miaka mitatu, mpaka maandalizi yakamilike. Sheria za 1969 ziliweka Bunge la viti 460, na 100 kati yake vikawa vya kuteuliwa, 75 vikiwa vya askari. Mwaka 1970 watumishi wa serikali walikatazwa siasa za vyama na kutakiwa kuwa na utii mmoja. Waziri wa mambo ya ndani, Jenerali Amir Machmud, aliitwa na watu tingatinga. Ali Murtopo, ofisa wa ujasusi, aliingilia mikutano mikuu ya vyama: Parmusi walipomchagua Mohamad Roem mwaka 1968 serikali ilimkataa, na baadaye wakapachikwa mwenyekiti mwingine. Na kote nchini kamandi za jeshi zilikwenda sambamba na utawala wa kiraia, mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya, mpaka kijijini, ambako askari wa cheo cha chini, babinsa, alimjua kila mwenye nyumba kwa jina.

Wapo watakaosema kwamba watu walimpigia Golkar kwa hiari kwa sababu bei zilikuwa zimetulia. Ni kweli kwamba kufikia 1969 mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 10, na mama mwenye watoto hawezi kulidharau jambo hilo. Lakini angalia matokeo yenyewe. PNI kilianguka kutoka asilimia 22 hadi 6.9. NU, kinyume chake, hakikuanguka hata kidogo: kilipata 18.7, zaidi kidogo ya 1955. Je, bei ya mchele iliwatulia wafuasi wa PNI peke yao? Tofauti iko katika riziki. Nguzo za PNI zilikuwa watumishi wa serikali na wakuu wa vijiji, watu ambao mshahara na cheo chao vilikuwa mkononi mwa Amir Machmud. Nguzo za NU zilikuwa masheikh wenye shule zao za dini na mashamba yao, ambao wanafunzi waliishi kwao na kula kwao. Tingatinga liliwasukuma nao, lakini hapakuwa na mshahara wa kuwakatia. Palipokuwa na riziki isiyopita ofisini, kura ilisimama, palipokosa, ililala.

Golkar kilipata viti 236 kati ya 360 vilivyogombewa. Pamoja na vile 100, utawala ulikuwa na 336 katika Bunge la 460. Vyama tisa vilivyobaki vililazimishwa mwaka 1973 kuungana kuwa viwili, na vikafungiwa kufanya kazi vijijini kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Mwaka 1975 Pertamina lilishindwa kulipa mikopo yake, ikagundulika lina madeni ya zaidi ya dola za Kimarekani bilioni 10. Ibnu Sutowo aliondolewa mwaka uliofuata, na taifa likalipa.

Suharto aliondoka Mei 1998. Viti vya askari bungeni vilikwisha 2004, na mwaka huo huo sheria iliamuru biashara za jeshi zichukuliwe na serikali katika miaka mitano. Muda huo ulipita 2009 huku wakfu na vyama vingi vya ushirika vya wanajeshi vikiwa bado chini ya jeshi na Wizara ya Ulinzi. Machi 2025 Bunge liliongeza idadi ya ofisi za kiraia ambazo ofisa aliyemo jeshini anaweza kuzishika. Kamandi za mikoa hazikuvunjwa. Mwezi Agosti mwaka huo zilizinduliwa mpya sita, na babinsa yuko kijijini.