Gundi ya boneti, uondoaji wake

Gundi ya boneti ni ile inayoshikilia sponji au zulia la kuzuia joto na kelele upande wa ndani wa boneti ya gari. Zulia likichakaa, gundi ya zamani huondolewa kabla ya kubandika jipya. Likibandikwa juu ya mabaki, hushika mabaki badala ya bati, na kwa joto la injini halikawii kuning'inia.

Toyota zilizotumika kutoka Japani, ambazo ndizo nyingi kwenye barabara ya Bukoba–Muleba, kwa kawaida zulia lao hushikwa na klipu za plastiki, au halipo kabisa. Gundi ni shughuli ya magari kama Mercedes-Benz W123 na W124, na ya gari lolote ambalo klipu zake zilivunjika fundi akaamua kubandika kwa gundi ya viatu.

Sponji ya poliyurethani huharibiwa na joto pamoja na unyevu, kwa kuwa maji hukata minyororo ya molekuli zake. Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo unyevu haukosekani. Sponji iliyooza humomonyoka ikiguswa, na gundi iliyo chini yake hung'ang'ania vidole kama utomvu wa ndizi. Kwa magari yanayopita barabara za vumbi za vijiji vya Muleba, udongo mwekundu huzama ndani ya gundi hiyo. Ukisugua hivyo hivyo, udongo huo hufanya kazi ya msasa na kuchubua rangi. Ndiyo maana makombo hutolewa makavu kwanza, kwa mkono na brashi laini, fundi akiwa amefunika pua na mdomo.

Injini huachwa ipoe, betri ikafunguliwa, na turubai likafunika injini, hasa alternata na mdomo wa kuingizia hewa. Boneti ikianikwa juani gundi hulainika, na sehemu kubwa hubanduka kwa kipande cha plastiki ngumu. Bisibisi na brashi ya waya ni za haraka lakini zina hasara: katika hali ya hewa ya Bukoba, bati lililochunwa hushika kutu mapema, na kutu ni mbaya kuliko gundi yenyewe.

Yanayobaki hulowekwa kwa mafuta ya taa. Kwa kuwa boneti iko juu na mafuta hudondoka, tambara lililoloweshwa hubandikwa mahali penye gundi na kufunikwa kwa nailoni kwa dakika 15 hadi 20, kisha gundi hukwanguliwa taratibu. Sehemu sugu hurudiwa. Petroli haifai hata kidogo, kwani mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi. Thina huyeyusha gundi upesi, lakini huyeyusha pia rangi iliyopulizwa gereji, kwa hiyo hujaribiwa kwanza pembeni. Mafuta ya taa nayo yasikaribie moto wala injini yenye joto, na matambara yake yasitupwe Mto Kanoni, unaopita mjini na kumwaga maji yake ziwani.

Mafuta ya taa huacha utando unaozuia gundi mpya kushika. Boneti huoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, hukaushwa, kisha hufutwa kwa spiriti. Penye kutu hupigwa msasa na kupakwa praima. Gundi mpya iwe ya kustahimili joto; ile ya kupaka pande zote mbili huachwa hadi isinate kidoleni ndipo zulia likandamizwe. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho muda mzuri, maana unyevu ukitua kwenye bati baridi la alfajiri gundi haishiki vizuri.

Mwisho, vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wa boneti huzibuliwa kwa kijiti. Makombo ya gundi yakiviziba, maji ya mvua hutuama kwenye mkunjo wa bati na kutu huanzia ndani, mahali ambapo brashi haifiki.