Mgeni wa Kwanza Bustanini

Lugha yetu ina majina mengi ya majira. Tunayo masika na vuli, kaskazi na kusi, kipupwe na demani, na kila jina lina harufu yake na kazi yake. Lakini kwa yale majira ambayo watu wa Ulaya huyangojea kuliko yote, sisi hatuna neno letu la asili. Baadhi ya wafasiri huyaita masika, jambo ambalo hunishangaza kidogo, kwani masika yetu ni mvua kubwa na tope, na mkulima yuko njiani na jembe begani. Wengine husema majira ya kuchipua. Hili la pili ndilo nitakalolitumia, kwa sababu linasema ukweli: ni wakati ambapo ardhi iliyolala miezi kadhaa huanza kuchipua tena.

Nimeishi kusini mwa Uingereza kwa miaka mingi, na nyuma ya nyumba yangu kuna kipande cha ardhi chenye mialoni miwili mikubwa na vichaka vya mihazeli. Wenyeji huiita ardhi ya namna hii bustani ya msituni. Si msitu hasa, maana mengi yaliyomo yamepandwa na mkono wa mtu. Wala si bustani kama zile tulizozizoea, zenye maua yaliyopangwa kwa mistari mbele ya nyumba. Ni kitu kilicho katikati: miti juu, vichaka chini yake, na chini kabisa mimea midogo inayojiotea kwenye mboji ya majani yaliyooza.

Msomaji ambaye hajapata kuuona mwezi wa Januari wa huko ajue kwamba jua huchomoza yapata saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Miti imebaki matawi matupu. Hakuna jani, hakuna mdudu, na ardhi asubuhi huwa ngumu kama sakafu. Kisha siku moja, chini ya mhazeli, huonekana kitu cheupe. Ndilo ua la kwanza. Wataalamu huliita Galanthus nivalis, na Waingereza huliita kwa jina lenye maana ya tone la theluji.

Ni ua dogo, halizidi urefu wa kiganja. Ncha za majani yake ni ngumu kidogo, na ndizo zinazotoboa udongo ulioganda. Ua lenyewe huinamisha kichwa, kwa hiyo mvua haiuharibu unga wake wa uzazi. Ukitaka kuliona vizuri huna budi kupiga magoti na kuliinua kwa kidole. Hapo utaona petali tatu kubwa nyeupe kwa nje, na tatu fupi kwa ndani zenye alama ya kijani. Usiku wa baridi kali mmea wote hulala chini kama uliokufa. Jua likipata joto kidogo, husimama tena. Na siku hiyo ya jua, nyuki wachache hutoka mzingani kulitafuta. Sijui kama kuna furaha ya bure kuliko hiyo katika nchi ya baridi.

Wengine hufuata kwa zamu. Mwezi wa Machi huja primula za rangi ya samli, na anemone nyeupe zinazofunguka jua likiwaka na kujifunga wingu likipita. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei huja yale maua ya buluu yenye umbo la kengele, ambayo hutandaza zulia zima chini ya miti. Baada ya hapo shughuli imekwisha. Sababu yake ni mwanga. Miti ikiisha kuota majani, dari hufungwa, na kinachobaki chini ni kivuli. Kwa hiyo mimea hii midogo huwahi. Huchipua, huchanua, huzaa mbegu na kuweka akiba yake kwenye tunguu lililo ardhini, yote kabla dari halijafungwa, kisha hulala hadi mwaka unaofuata. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako; maua haya ni kama waliousikia usemi huo.

Sasa, ukimwuliza Mwingereza wa kawaida ni ua gani hasa lililo la nchi yake, huenda akalitaja hilo tone la theluji. Huchapishwa kwenye kadi, hupandwa makaburini, na kila Februari watu husafiri mbali kwenda kuyatazama maua hayo katika bustani za makanisa na majumba ya kale. Mimi pia nilidhani ni mwenyeji wa tangu na tangu. Historia inasema vingine. John Gerard, aliyeandika kitabu kikubwa cha mimea mwaka 1597, alilitaja kama ua la bustanini. Ilipita karne nyingine na zaidi, hadi miaka ya 1770, ndipo watu walipoanza kuandika kwamba wameliona likiota lenyewe porini. Asili yake ni bara la Ulaya, kuanzia milima ya Pyrenees hadi Ukraini. Kwa maneno mengine, lilifika Uingereza kama mgeni, likakaa bustanini, kisha likavuka ua na kuingia msituni taratibu.

Na taratibu hiyo ni taratibu kweli. Kila mbegu yake ina kipande kidogo cha mafuta ambacho sisimizi hukipenda. Sisimizi huibeba mbegu hatua chache, hula kile kipande, na mbegu hubaki pale ilipotupwa. Matunguu nayo hujigawa chini ya ardhi, moja likawa mawili, mawili yakawa manne. Maua haya huonekana kwa wingi kwenye magofu ya nyumba za watawa, kama zile za Walsingham huko Norfolk, na kwa kuwa huchanua karibu na sikukuu ya mishumaa ya tarehe 2 Februari, wengi huamini kwamba ni watawa walioyapanda. Nyumba hizo zilifungwa na Mfalme Henry wa Nane kati ya mwaka 1536 na 1540. Watawa waliondoka, maua yakabaki.

Bustani ya msituni yenyewe, kama sanaa inayojulikana, ni jambo la karne ya 19, na mtu aliyeipigania zaidi naye alikuwa mgeni. Jina lake ni William Robinson, aliyezaliwa Ireland mwaka 1838 na kufika London mwaka 1861 kufanya kazi ya bustani. Wakati huo matajiri walikuwa wakiotesha maelfu ya miche kwenye nyumba za vioo, wakaipanda kiangazi kwa michoro kama ya zulia, na kuing'oa yote baridi ilipoanza. Robinson aliona hayo ni israfu na ubatili. Mwaka 1870 alichapisha kitabu kuhusu bustani ya porini, na fundisho lake lilikuwa rahisi: tafuta mmea unaoweza kuvumilia hali ya hewa ya mahali, uwe umetoka nchi yoyote ile, upande pale unapopapenda, kisha uuache uishi. Mwaka 1884 alinunua shamba la Gravetye huko Sussex, na kwa miaka hamsini iliyofuata alipanda matunguu kwa makumi ya maelfu chini ya miti na katika majani. Alifariki huko huko mwaka 1935.

Wapo waliomfuata. Gertrude Jekyll, aliyekuwa mchoraji hadi macho yake yalipoanza kudhoofika, aligeuza pori la Munstead huko Surrey kuwa bustani, akapunguza miti na kupanda primula alizozichagua mwenyewe kwa miaka mingi. Henry John Elwes alisafiri magharibi ya Uturuki mwaka 1874, akakuta aina kubwa zaidi ya tone la theluji, akaileta nyumbani kwake Colesbourne katika Gloucestershire. Leo aina hiyo ina jina lake, na bustani ya Colesbourne ni miongoni mwa zile ambazo watu huziendea kila Februari.

Nisieleweke vibaya. Si kila mgeni aliyefika alikuwa na adabu. Mwaka 1763 iliingizwa Uingereza aina moja ya rododendroni yenye maua mazuri ya zambarau. Matajiri waliipanda katika misitu yao, kwa urembo na ili ndege wa kuwindwa wapate maficho. Lakini mmea huo haupukutishi majani. Kivuli chake ni cha mwaka mzima, na chini yake hakuna anemone wala primula inayoweza kuishi. Ukiukata, huchipua tena kwenye kisiki. Leo watu hutumia fedha nyingi na jasho jingi kuung'oa. Zote mbili, rododendroni na tone la theluji, zilitoka ng'ambo. Tofauti yao haimo katika asili, bali katika jinsi kila moja inavyotumia mwanga wa jirani. Moja huchukua sehemu yake mapema na kuondoka. Nyingine hujikalia juu ya wote.

Wala si kila mwenyeji aliyewapokea wageni hao alikuwa mwema kwao. Katika miaka ya 1980, matunguu ya maua haya yalichimbwa kwa mamilioni katika milima ya Uturuki na kuuzwa Ulaya kwa bei ndogo, hata ikahofiwa kwamba milima itabaki mitupu. Tangu mwaka 1990 biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Ndiyo kusema mtu anaweza kufurahia kitu bustanini kwake huku kule kilikotoka wakibaki na mashimo.

Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa ua hili, usemi huo una ukweli wa ajabu. Tunguu lake ni sumu, na mtu asilithubutu. Lakini katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Ulaya ya Mashariki walipata dawa ndani ya maua ya ukoo huu, iitwayo galantamini. Leo hutumika kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau. Haiponyi kabisa, ila huwapunguzia wengine dalili kwa muda.

Matunguu yangu ya kwanza sikuyanunua. Nilipewa na mama mmoja mzee, jirani yangu, mwaka wa pili tangu nihamie mtaa ule. Desturi ya watu wa bustani huko ni kuyagawa maua haya mara tu yakiisha kuchanua, majani yakiwa bado mabichi. Alikuja na fungu limeviringishwa gazetini pamoja na udongo wake, akanionyesha mahali pa kuchimba. Kisha akanikaribisha chai. Dirishani jikoni kwake palikuwa na vyungu vitatu vya ua lenye majani ya manyoya laini na petali za urujuani. Aliniambia kwamba hilo ni ua la Kiingereza hasa, la akina bibi. Mama yake alikuwa nalo, na bibi yake pia.

Nilimweleza kwa upole kwamba ua hilo ni la kwetu. Mimi nimezaliwa Muheza, chini ya milima ya Usambara, na ni katika misitu ya milima hiyo na ya jirani zake ambamo ua hilo huota, juu ya mawe yenye unyevu, katika kivuli cha miti mikubwa. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona, naye akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, alilipa jina la Saintpaulia. Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Toka hapo lilienea madirishani duniani kote, na jamaa zake waliobaki kwenye mawe yao wamekuwa wachache kadiri misitu inavyokatwa.

Yule mama alinyamaza, akavitazama vile vyungu, kisha akanitazama mimi. Aliniuliza kama kwetu watu wanalijua. Nilimjibu kwamba wengi tumepita karibu nalo tukienda kutafuta kuni, bila kuinama. Siku ile nilirudi nyumbani na chungu kimoja mkononi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeufikiria usemi huu mara nyingi nikiwa nimepiga magoti chini ya mihazeli. Watu huutumia kumwondoa mgeni, lakini mimi naona unaeleza jinsi anavyokuwa mwenyeji. Hakuna aliyelipa lile ua jeupe hati ya uraia. Lilipewa udongo, likafanya kazi yake kwa wakati wake, likawaachia wengine mwanga, na baada ya miaka mia mbili hivi watu wakasahau kwamba liliwahi kuwa geni. Fungu nililopewa limeshagawanyika mara nyingi. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, huchimba mafungu mawili au matatu na kuyaviringisha gazetini kwa ajili ya waliohamia karibuni.