Usukani wa Ishara: Istilahi ya Ndege za Kisasa

Rubani aliyerusha aina kadhaa za ndege za abiria hakosi la kusimulia kuhusu tofauti zake. Hii ni nzito mkononi, ile ni nyepesi. Hii hukuonya mapema kwamba kasi inapungua, ile hujirekebisha yenyewe. Tofauti nyingi kati ya hizo zina chanzo kimoja: mkono wa rubani unafika bawani kwa chuma, au kwa ishara za umeme zinazopitia kwenye kompyuta? Mfumo huu wa pili, kwa Kiingereza, una jina lenye maana ya kuruka kwa waya. Anayetafsiri haraka ataandika "urushaji kwa waya". Naomba tafsiri hiyo tuiache, tuseme usukani wa ishara.

Sababu ya kwanza utaikuta kwa fundi yeyote wa bodaboda hapa kwetu Bahati. Akikwambia waya umekatika, huenda ni waya wa klachi, ule wa chuma unaovutwa kwa mkono, au ni waya wa taa unaopitisha umeme. Vyote viwili tunaviita waya. Sasa, ndege za jadi ndizo zenye waya wa chuma. Kijana wa Bahati akienda kusomea urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, huenda akaanzia kwenye Cessna 172, ambayo usukani wake huvuta nyaya za chuma zinazopita kwenye kapi hadi mabawani na mkiani. Ukimwambia kwamba hiyo siyo ndege ya "urushaji kwa waya", utakuwa umemchanganya bure.

Boeing 737-800 za Kenya Airways ni kubwa mara nyingi kuliko Cessna, lakini zinafuata ukoo uleule: nyaya za chuma hupeleka amri, kisha nguvu ya haidroli husukuma. Aina ya 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967, na urithi huo bado umo ndani yake. Embraer 190 za shirika hilohilo zimechanganya mifumo: vibawa vinavyoilaza ndege upande huvutwa na nyaya za chuma, ilhali mkia hupokea ishara. Boeing 787, ambazo shirika lilianza kuzipokea mwaka 2014, zimehamia kwenye ishara. Vihisi hupima rubani amesogeza usukani kiasi gani, kompyuta hulinganisha amri hiyo na kasi pamoja na hali ya ndege, ndipo mitambo ya bawani ikatii. Uzito ambao rubani anauhisi mkononi umetengenezwa makusudi ili asipoteze hisia ya ndege.

Majirani zetu wamechukua njia nyingine. Tanzania ilipokea Airbus A220-300 mwishoni mwa 2018, na Uganda Airbus A330-800 mwishoni mwa 2020. Humo hukuti usukani mbele ya kifua. Kuna kijiti pembeni mwa kila kiti. Kwenye 787, nahodha akivuta usukani, wa msaidizi wake husogea pia. Kwenye A330, kijiti cha mwenzako hakitikisiki. Ukiachia chako, ndege kwa kawaida hubaki ilivyo, na hata ukikilaza hadi mwisho, katika hali ya kawaida kompyuta haitakubali ndege iiname upande zaidi ya nyuzi 67. Boeing huongeza uzito mkononi kama onyo, lakini rubani akikaza anaweza kuushinda. Airbus A320, iliyoruka kwanza mwaka 1987, ndiyo iliyofungua mlango huu kwa ndege za abiria zenye kompyuta za kidijitali.

Kwa nini basi "usukani"? Kwa sababu ni neno letu la baharini, kama lilivyo neno rubani, aliyekuwa akiongoza vyombo vya majini kabla ya ndege kuwako. Linabeba kazi ya kuongoza, kifaa kiwe gurudumu au kijiti. Na kwa nini "ishara"? Kwa sababu ndiyo inayosafiri. Kesho ishara ikipitishwa kwa mwanga badala ya umeme, jina litabaki sahihi. "Usukani wa umeme" hautoshi: kuna magari ambayo mota ya umeme humsaidia dereva kukata kona, lakini chuma bado kinaunganisha mikono yake na magurudumu.

Usahihi huu unatuhusu sana. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Kihisi kimoja kilitoa taarifa mbaya, na programu ikaisukuma pua ya ndege chini mara kwa mara. Ndege hiyo haikuwa ya usukani wa ishara kama 787. Ilikuwa ya nyaya za chuma, iliyoongezewa programu yenye uwezo wa kugeuza sehemu ya mkia. Asiye na maneno ya kutenganisha mambo hayo mawili hawezi kuwaeleza wafiwa kilichotokea.

Walimu, wahariri na watangazaji, tumieni usukani wa ishara, na kwa mfumo wa zamani semeni usukani wa nyaya za chuma. Msomaji atajua mara moja ni kipi kinachounganisha mkono wa rubani na bawa.